Darasani naelewa, kwenye karatasi nakwama: nijiandaeje kwa mtihani wa takwimu?

*"Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza na somo la utangulizi wa takwimu ni la lazima kwetu. Mtihani wa katikati ya muhula ni baada ya siku 10: dakika 90, alama 60. Tunaruhusiwa kikokotoo, jedwali la z na karatasi moja ya fomula tuliyoiandika wenyewe. Mada zinaanzia kuelezea data (wastani, mediani, mkengeuko sanifu), uwezekano, mgawanyo wa binomia na mgawanyo wa kawaida, hadi mgawanyo wa wastani wa sampuli. Mhadhiri akitatua swali ubaoni naelewa kila hatua, na slaidi nimezisoma mara tatu. Lakini jaribio la kwanza nilipata 11 kati ya 30. Nikiona swali sijui nianzie wapi. Hesabu sijawahi kuziweza. Je, nikariri fomula zote na mifano yote ya darasani? Au nimeshachelewa?"*

Marahaba. Hujachelewa. Siku 10 zenye saa mbili za kazi kila siku ni saa 20, na mada ulizozitaja zinaenea humo bila kubanana. Ila saa hizo ukizimaliza kwa kusoma slaidi mara ya nne na ya tano, utatoka na matokeo ya jaribio la kwanza, maana ugonjwa ulioueleza hautibiwi na kukariri. Umesema mwenyewe kwamba hujui uanzie wapi. Fomula utakuwa nazo mezani, umeziandika kwa mkono wako. Kinachokosekana ni kujua swali lipi linaita fomula ipi, na hilo halijaandikwa kwenye slaidi yoyote.

Tazama kinachotokea darasani. Mhadhiri anapoanza kuandika ubaoni, sehemu ngumu ameshaimaliza kichwani: amelisoma swali, ameona kwamba ni la binomia (mafanikio mangapi katika majaribio kadhaa), amejua n, yaani idadi ya majaribio, ni ngapi na p, yaani uwezekano wa kufanikiwa katika kila jaribio, ni ngapi. Wewe unaonyeshwa hesabu iliyobaki, na hesabu iliyobaki kweli ni nyepesi. Isitoshe, slaidi yenyewe ina kichwa "Mgawanyo wa Binomia", kwa hiyo hata swali la kutambua halijaulizwa. Kwenye mtihani kichwa hicho kimeondolewa. Ndiyo maana mtu anaweza kuelewa kila hatua kwa dhati, bila kujidanganya, kisha akakaa mbele ya karatasi asijue pa kushika.

Kusoma tena na tena nako kuna hila yake. Maandishi uliyoyaona mara tatu yanapita machoni kwa ulaini, na ulaini huo tunauhesabu kama kuelewa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapima wanafunzi kwa namna hii: wengine walisoma kifungu tena na tena, wengine walikisoma kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya siku 2, na baada ya wiki, waliokuwa wakijipima ndio waliokumbuka zaidi. Mwaka uliofuata watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walitumia hesabu za ujazo wa maumbo. Waliofanya mazoezi ya umbo moja hadi liishe, kisha jingine, walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa maumbo walipata 60 tu. Wiki moja baadaye walipopewa mtihani, kundi la kwanza lilipata asilimia 20 na la pili 63. Mazoezi yaliyochanganywa yanakera, yanakufanya ujione mjinga, na ndiyo yanayofundisha kutambua. Kumbuka hilo siku ya saba, utakapotaka kurudi kwenye slaidi.

Kuhusu "hesabu sijawahi kuziweza": orodhesha kinachotakiwa humu. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kipeo cha pili, kipeuo cha pili, na kusoma alama za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko". Zaidi ya nusu ya hizo zitafanywa na kikokotoo. Kilichobaki ni kusoma lugha ya swali kwa makini, na wengi wanaoamini kwamba hesabu zimewashinda wanashindwa hapo kwenye kusoma.

Kazi ya kwanza, leo hii, ni kuichambua karatasi ya jaribio. Zile alama 19 ulizopoteza zipange katika mafungu matatu: nilichagua njia isiyo sahihi au sikuchagua kabisa, nilichagua vizuri nikateleza kwenye hesabu, sikuelewa swali linataka nini. Kila fungu lina dawa yake. La kwanza likiwa kubwa, na kwa maelezo yako litakuwa hivyo, unahitaji mazoezi ya kutambua. La pili linahitaji nidhamu ya kikokotoo. La tatu linahitaji usome swali mara mbili na uandike kwa maneno yako kinachotafutwa.

Sasa mada zenyewe, na mahali ambapo alama hupotelea.

Kuelezea data ndiyo mada ya alama za bure, kwa hiyo usiipoteze. Chukua data 4, 7, 7, 9, 13. Wastani ni 40 ÷ 5 = 8, mediani (thamani ya katikati data ikipangwa kwa ukubwa) ni 7. Badilisha ile 13 iwe 63: wastani unaruka hadi 18, mediani inabaki 7. Swali likikuuliza kipimo kipi kinafaa data yenye thamani iliyotengwa mbali na wenzake, jibu ni mediani, na sababu ni hiyo uliyoiona. Kwa mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi data ilivyotawanyika kuzunguka wastani, tofauti za kila thamani na wastani ni −4, −1, −1, 1, 5. Vipeo vyake vya pili vinajumlika kuwa 44. Ikiwa data ni sampuli, gawanya kwa 4 upate 11, na kipeuo chake ni 3.32. Ikiwa data ndiyo kundi zima, gawanya kwa 5 upate 8.8, kipeuo 2.97.

Kwa nini 4 na si 5? Zile tofauti lazima zijumlike kuwa sifuri, kwa hiyo ukizijua nne ya tano haina uhuru tena. Pia wastani wa sampuli huwa karibu na data yake yenyewe kuliko wastani wa kweli wa kundi zima, hivyo kugawanya kwa 5 kungetoa mtawanyiko mdogo kuliko ulivyo. Kikokotoo chako kina vitufe viwili vya jambo hili: chenye s (kwenye vingine kimeandikwa σn−1) ni cha sampuli, chenye σ au σn ni cha kundi zima. Na kabla ya kuingiza data mpya, futa ya zamani. Thamani mbili zilizobaki kutoka swali lililopita zinaharibu kila kitu, na kikokotoo hakitakuonya.

Uwezekano ndiyo mada inayowaangusha wengi, na sababu yake ni lugha. Chukua wanafunzi 200. Wanaohudhuria semina ni 120, na kati yao 90 walifaulu. Wasiohudhuria ni 80, na kati yao 40 walifaulu. Chora jedwali la mraba lenye jumla pembeni kabla ya kufanya lolote, kisha soma sentensi hizi tatu polepole:

"Uwezekano kwamba mwanafunzi anahudhuria na alifaulu" ni 90 ÷ 200 = 0.45.
"Uwezekano kwamba alifaulu, ikiwa anahudhuria" ni 90 ÷ 120 = 0.75.
"Uwezekano kwamba anahudhuria, ikiwa alifaulu" ni 90 ÷ 130 = 0.69.

Namba ya juu ni ileile, 90. Kinachobadilika ni ya chini, yaani tunamchagua mtu kutoka kundi gani. Neno "ikiwa" (au "kati ya waliofaulu", au "tukijua kwamba") linakata kundi. Lililobaki baada ya kukatwa ndilo linakaa chini. Ukilishika hili, fomula ya uwezekano wenye sharti haihitaji kukaririwa. Na swali likikupa asilimia tupu bila idadi ya watu, jitengenezee watu 1000 na ujaze jedwali. Ni njia halali, na ni salama kuliko kupapasa fomula ya Bayes, ile ya kugeuza sharti, huku unatetemeka.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao watunga mitihani wanaupenda: matukio huru na matukio yasiyoweza kutokea pamoja. Wengi hudhani ni kitu kimoja. Rusha dadu mara moja. "Kupata 2" na "kupata 5" haviwezi kutokea pamoja. Je, ni huru? Hapana, ni kinyume kabisa: ukishaambiwa imetoka 2, uwezekano wa 5 umeshuka hadi sifuri. Taarifa ya moja imeathiri nyingine kwa nguvu zote. Matukio huru ni yale ambayo kujua moja hakubadilishi lolote kuhusu jingine, na kipimo chake ni kuzidisha. Kwenye jedwali letu, kuhudhuria ni 0.6 na kufaulu ni 130 ÷ 200 = 0.65. Zao lake ni 0.39, lakini uwezekano wa vyote viwili ni 0.45. Haviko sawa, kwa hiyo si huru. Andika ulinganisho huo kwa namba. Ukiandika tu "si huru kwa sababu kuhudhuria kunasaidia kufaulu" umetoa maoni yako, hujathibitisha.

Binomia inatambulika kwa masharti manne: idadi ya majaribio imewekwa mapema, kila jaribio lina matokeo mawili tu, uwezekano haubadiliki kutoka jaribio moja hadi jingine, na majaribio hayaathiriani. Mipira 5 ikitolewa kwenye sanduku lenye 12 bila kurudishwa, sharti la tatu na la nne yamevunjika, na mtego huo ni wa kawaida.

Hesabu yake ni nyepesi; maneno ndiyo yanayouma. Tuseme mtu anabahatisha maswali 10, kila moja lina machaguo 5 na jibu sahihi moja. Hapo n ni 10 na p ni 0.2. "Angalau 2" maana yake ni 2 au zaidi: 1 − 0.1074 − 0.2684 = 0.6242, yaani unatoa uwezekano wa kupata 0 na wa kupata 1. "Zaidi ya 2" haihesabu 2 yenyewe, na jibu linashuka hadi 0.3222. Kosa la neno moja limekata jibu karibu nusu. Hivyo kabla ya kuhesabu, andika orodha ya namba unazozitaka: kwa "angalau 2" andika 2, 3, 4 … 10, kwa "isiyozidi 2" andika 0, 1, 2, kwa "chini ya 2" andika 0, 1. Hizo ni sekunde tano za kazi. Kisha jiulize upande upi ni mfupi, huo au wa kinyume chake.

Mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kilima, una aina mbili tu za maswali, na kuzitofautisha ni nusu ya kazi. Aina ya kwanza: umepewa thamani, unaulizwa uwezekano. Aina ya pili: umepewa uwezekano au asilimia, unaulizwa thamani. Tuseme muda wa kumaliza kazi fulani una wastani wa dakika 60 na mkengeuko sanifu wa 8. "Uwezekano wa kuzidi dakika 72" ni aina ya kwanza: z, yaani thamani iko mikengeuko sanifu mingapi kutoka kwenye wastani, ni (72 − 60) ÷ 8 = 1.5, jedwali linatoa 0.9332 upande wa kushoto, sisi tunataka kulia, jibu ni 0.0668. "Muda gani unazidiwa na asilimia 10 tu ya watu?" ni aina ya pili: unaingia ndani ya jedwali kutafuta 0.90, unatoka na z = 1.28, kisha 60 + 1.28 × 8 = 70.24. Wanafunzi hushindwa aina ya pili kwa sababu wanachukua 0.10 na kuiweka mahali pa z.

Chora kilima kila mara. Kila mara, hata swali likiwa jepesi. Weka wastani katikati, weka thamani yako, tia kivuli eneo linaloulizwa. Kivuli kikiwa kidogo na jibu lako ni 0.93, umechukua upande usio wako, na umegundua kabla ya msahihishaji.

Mitego miwili hapa haihusu akili yako, inahusu maandishi. Majedwali ya z hayafanani: mengine yanatoa eneo lote la kushoto, ambapo z = 1.5 inasomeka 0.9332, na mengine yanatoa eneo kutoka katikati hadi z, ambapo z ileile inasomeka 0.4332. Ukifanya mazoezi na jedwali la kitabu na mtihani ukaja na la aina nyingine, utapoteza alama bila kujua kwa nini. Mtego wa pili ni uandishi wa N(60, 64), ambapo N ni mgawanyo wa kawaida na 60 ni wastani. Wengine huweka varianzi (kipeo cha pili cha mkengeuko sanifu) kama namba ya pili, wengine mkengeuko sanifu. Ikiwa ni varianzi, mkengeuko ni 8. Ukigawanya kwa 64 umepotea. Mambo yote mawili muulize mhadhiri wiki hii.

Mgawanyo wa wastani wa sampuli ni mada ya mwisho kwenye orodha yako, na kwa kawaida ndiyo iliyofundishwa kwa haraka. Wazo lake ni moja: wastani wa watu wengi hauyumbi kama mtu mmoja. Turudi kwenye dakika 60 na mkengeuko wa 8. Uwezekano kwamba mtu mmoja atazidi dakika 62: z = 0.25, jibu 0.4013. Uwezekano kwamba wastani wa watu 16 utazidi 62: sasa unagawanya kwa kosa sanifu (mkengeuko sanifu wa wastani wa sampuli), yaani 8 ÷ √16 = 2, z = 1, jibu 0.1587. Swali ni lilelile ukilisoma kwa haraka. Tofauti ni maneno "wastani wa watu 16". Yatafute na uyapigie mstari. Angalia pia kwamba ili kosa sanifu lipungue nusu, sampuli lazima iongezeke mara nne: kwa watu 64 linakuwa 1.

Hapa ndipo penye dhana potofu inayorudiwa sana, hata na wanaofaulu: kwamba sampuli ikiwa kubwa, data inakuwa ya mgawanyo wa kawaida. Haiwi. Data iliyoegemea upande mmoja itabaki imeegemea hata ukikusanya watu 5000. Kinachokaribia umbo la kawaida ni mgawanyo wa *wastani* za sampuli, kama ungechukua sampuli nyingi na kuhesabu wastani wa kila moja. Na ile 30 inayotajwa madarasani ni kipimo cha mazoea tu. Data iliyoegemea vibaya huhitaji zaidi, na data ambayo yenyewe ni ya mgawanyo wa kawaida haihitaji 30 hata kidogo, kama mfano wetu wa watu 16.

Kutokana na haya unapata maswali manne ya kujiuliza mbele ya swali lolote. Nimepewa data yenyewe au nimepewa uwezekano? Kinachozungumzwa kinahesabika kwa moja, mbili, tatu (elekea binomia) au kinapimwa, kama muda na uzito (elekea mgawanyo wa kawaida)? Ni mtu mmoja au ni wastani wa wengi? Nimepewa thamani nitafute eneo, au eneo nitafute thamani? Si kila swali litatii, lakini mengi ya ngazi hii yatatii.

Zoezi lenye faida kuliko yote nitakayokupa ni hili. Kusanya maswali 30 kutoka mada zote: ya semina, ya kitabu, ya mitihani iliyopita ikiwa inatolewa rasmi. Yaandike au yakate bila vichwa vya sura, yachanganye. Kisha usiyatatue. Kwa kila moja andika tu njia, namba ulizopewa, na kinachotafutwa: "binomia, n = 10, p = 0.2, nataka 2 na zaidi". Dakika moja kila swali, nusu saa kwa yote. Sahihisha. Yale uliyokosea kutambua ndiyo mtaala wako wa siku inayofuata.

Unapotatua kamili, funika jibu. Ukikwama dakika 8, fungua mstari wa kwanza tu wa suluhisho, funika tena, endelea. Swali lililokushinda lirudie baada ya siku mbili kwenye karatasi tupu. Kulirudia palepale baada ya kuona jibu ni kunakili kutoka kichwani.

Kwa mpangilio wa siku: ya kwanza ni ya kuchambua jaribio na kukusanya maswali. Ya pili, kuelezea data. Ya tatu na ya nne, uwezekano, kwa sababu unastahili siku mbili. Ya tano, binomia. Ya sita, mgawanyo wa kawaida, na ya saba, wastani wa sampuli. Kuanzia ya tatu, anza kila siku na dakika 20 za maswali ya siku zilizopita. Ya nane ni zoezi la kuchanganya peke yake. Ya tisa, fanya mtihani mzima wa dakika 90 ukiwa umekaa mezani, simu nje ya chumba, kikokotoo kilekile, jedwali lilelile, karatasi ileile ya fomula. Ya kumi, sahihisha ulichokosea jana, kisha ulale. Kukesha usiku huo kutakuongezea fomula mbili ambazo tayari unazo kwenye karatasi, na kutakupunguzia umakini wa kusoma "angalau" na "zaidi ya".

Karatasi ya fomula ianze kuandikwa siku ya pili, si usiku wa mwisho, na uitumie kwenye kila zoezi. Utakachokuwa unakitafuta mara kwa mara bila kukiona, kiongeze, usichokigusa, kifute. Pembeni ya kila fomula andika maneno yanayoiita na sharti lake: kando ya kosa sanifu andika "WASTANI wa n", kando ya binomia yale masharti manne, pembeni ya jedwali mchoro wa eneo linalosomwa. Mfano mmoja mfupi uliotatuliwa kwa kila mada una thamani kuliko fomula kumi. Ukiijaza kwa herufi ndogo mno utatumia dakika za mtihani kutafuta badala ya kufikiri.

Umeuliza kama ukariri mifano yote ya darasani. Sitakwambia haina faida yoyote. Mhadhiri akirudia swali kwa kubadilisha namba, utapata alama hizo. Lakini akibadilisha "angalau" kuwa "isiyozidi", mfano uliokaririwa unakupeleka kwenye jibu la swali jingine. Video za mtandaoni zinafaa kwa mada ambayo hukuielewa kabisa, kwa kikomo cha dakika 15, kisha karatasi na kalamu. Zaidi ya hapo ni ubao wa mhadhiri tena, kwa sura nyingine. Kundi la kujisomea linafaa ikiwa kila mmoja amekuja amejaribu maswali yaleyale na mnabishana kuhusu njia. Likiwa ni mmoja anatatua na wengine wananakili, anayejifunza ni huyo mmoja. Programu za kutatua maswali nazo ni vivyo hivyo: zitumie kusahihisha baada ya kujaribu, na ukumbuke kwamba zinaweza kukosea kwa kujiamini.

Siku yenyewe, tumia dakika 5 kusoma karatasi nzima na uache 10 za mwisho kwa ukaguzi. Zinabaki 75 kwa alama 60, yaani dakika moja na robo kwa kila alama. Swali la alama 8 lina dakika 10. Zikiisha, acha nafasi, songa mbele. Andika njia na namba ulizoziweka hata kama hesabu haijaisha, kwa maana pale ambapo alama za hatua hutolewa, mstari huo unalipwa. Beba desimali nne hadi mwisho ndipo ukadirie. Z ikikadiriwa mapema, jedwali linatoa jibu jingine. Na kila jibu lipite mlangoni: uwezekano hauwezi kuwa chini ya 0 wala juu ya 1, mkengeuko sanifu hauwi hasi wala hauzidi tofauti ya thamani kubwa na ndogo, wastani lazima uwe katikati ya hizo mbili.

Sasa, lini uache maelezo ya maandishi na uende kwa mtu. Kama ukifika siku ya nne bado unakosea kutambua zaidi ya nusu ya maswali, nenda kwa mhadhiri au msaidizi wake. Beba swali moja ulilolianza ukakwama, umwonyeshe mstari ulipoishia. Ukienda na "sielewi uwezekano" atakurudishia slaidi. Kama kinachokukwamisha ni sehemu, vipeuo na mpangilio wa matendo, tafuta mtu akukalishe saa mbili kwa hayo tu, kwani hapo takwimu haina kosa. Kama tangu utotoni namba zinakuchezea, unageuza tarakimu, unapotea hata kwenye hesabu ndogo ingawa masomo mengine unayamudu, omba upimwe kwa ugumu wa kujifunza hesabu. Vyuo vingine vina utaratibu wa muda wa ziada, ila huombwa mapema, si asubuhi ya mtihani. Na kama kichwa kinafunga kabisa ukiona karatasi, moyo unakimbia, hulali siku nyingi mfululizo au unafikiria kujidhuru, hilo si suala la ratiba ya kusoma. Mwone mshauri wa wanafunzi au daktari, na kama ni hilo la mwisho, nenda leo.

Kesho ukienda darasani, baki nyuma dakika mbili na umuulize mhadhiri mambo matatu: jedwali la mtihani linasoma eneo lipi, namba ya pili kwenye N ni varianzi au mkengeuko, na mada zinaishia wapi hasa. Andika majibu juu kabisa ya karatasi yako ya fomula.